Ratiba ya Baba Mdogo

Hadi leo nikisikia harufu ya petroli ikichanganyika na ya magimbi ya kuchemsha, namkumbuka baba mdogo na safari yake ya kutuelimisha, na mdomo unanipinda wenyewe.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Alikuwa na duka la redio Dar, akaja likizo kwetu Suma na pikapu na miwani ya jua. Miwani ya jua, Suma, mvua inanyesha asubuhi hadi jioni! Akatangaza kuwa sisi watoto hatujui kitu zaidi ya migomba, hivyo atatupeleka Daraja la Mungu, lile jiwe lililojilaza lenyewe juu ya mto, tucheze, tule, tufundishwe habari za mawe. Kila kitu alikipangia saa yake, nadhani hata kucheka.

Aliyefurahi kuliko wote ni mama. Tangu aolewe alikuwa akilisikia daraja hilo midomoni mwa watu tu. Alichemsha magimbi alfajiri, akavaa kitenge kipya, akapanda nyuma pamoja nasi huku akiimba.

Mara baba mdogo akamleta babu, akae mbele, akatuhadithie mambo ya kale. Jamani! Kwetu mwanamke na baba mkwe wake hata njiani hukwepana, sembuse kupanda gari moja. Hilo hata mdogo wangu wa kunyonya alilijua. Mama alijifunika kitenge usoni, akarukia upande wa pili, akapotelea migombani. Msomi wetu akatazama saa, akasema huo ni ushamba.

Tulipofika barabarani babu akauliza mbona hasikii tena wimbo. Tukamwambia.

"Nishushe," akamwambia mwanawe. "Urudi ukamchukue."

Kumshusha alimshusha. Kurudi, thubutu! Eti ratiba imechelewa. Tukamwacha mzee kwenye matope na fimbo yake.

Darajani alipayuka weee kuhusu mawe, akapiga picha, kisha akauliza tumejifunza nini.

Jioni mama aliniambia babu alirudi akikohoa njia nzima ya migombani, kama kawaida yake. Nikadhani ni kifua. Nilikuwa mtu mzima, babu keshazikwa, nilipoelewa kuwa hakuwa na kifua hata kidogo: alikuwa akimpigia mkwewe hodi, apate kupisha bila kuaibika. Miaka yote ile, kila alipopita.

Baba mdogo zile picha kazitundika sebuleni, anaonyesha wageni. Mama amekufa hajaliona daraja.