Ndevu za Mjomba na Serikali ya Ngoma

Timbwani ya ujana wangu ilikuwa na serikali mbili. Moja ilikaa ng'ambo, kisiwani, ina bendera na askari, na hiyo tuliiogopa. Ya pili ilikuwa yetu wenyewe, ya ngoma ya beni, ngoma ya tarumbeta na vyeo vya kuigiza, na hiyo tuliicheka. Ilikuwa na Gavana aliyevaa koti jekundu lililong'oka mikono, Jemadari mwenye upanga wa mbao, na Jaji. Gavana alikuwa kuli bandarini. Jaji alikuwa kinyozi, na kiti chake kilikuwa chini ya kibanda cha makuti karibu na mteremko wa feri. Mimi niliuza mahamri na mbaazi pembeni yake, kwa hiyo kesi zote zilinipata nimeketi.

Kesi zilikuwa sehemu ya ngoma. Kabla ya kila shindano Jaji alikaa kitini, na mtu mmoja wa mtaa akaitwa kushtakiwa. Aliitikia "Labeka, mheshimiwa," akapiga magoti, akasomewa kosa la kubuni: ameiba mwezi, au amemtongoza mbuzi wa jirani. Sheria ilikuwa moja, na kila mtoto aliijua. Anayekiri atawanywesha watu kahawa. Anayekana atawanywesha mara mbili, maana amewachelewesha wachezaji. Basi hakuna aliyekana. Watu walishindana kukiri. Aliyeambiwa ameiba mwezi alisema na nyota anazo, ziko uvunguni mwa kitanda. Mwisho alitamka, "Nimeridhika na hukumu," tarumbeta zikalia, birika likazunguka.

Katika mchezo huo hakuna aliyemfikia mjomba wangu, kaka wa mama yangu. Alikuwa mbeba magunia bandarini, mtu mpana, mwenye ndevu nyingi alizozipaka mafuta kila Ijumaa. Alipenda kushtakiwa kama wengine wanavyopenda kusifiwa. Mkewe alikufa mapema akamwachia binti mmoja, akamlea mwenyewe, akamsuka nywele mwenyewe mpaka wanawake wa mtaa wakachoka kumcheka. Binti huyo alikuwa amechumbiwa na kijana wa Mishomoroni, kwa watu ambao nao walikuwa makuli. Mjomba alikuwa na haja moja tu duniani: siku ya nikaha amwozeshe mwanawe kwa mdomo wake mwenyewe, bila ya kumweka mtu kuwa wakili. Maneno yenyewe ni machache, lakini aliyafanyia mazoezi. Nilimkuta mara nyingi akipuliza moto jikoni huku akiyatamka.

Tarehe ya arusi ilikwisha pangwa pale mgomo ulipozuka. Ilikuwa baada ya vita, bei zimepanda na mishahara imelala pale pale. Makuli waliacha kazi, watu wa reli wakafuata, mwisho hata wapishi wa Wazungu. Feri ilisimama. Upande wetu palitakiwa watu wa kulinda pwani ili asivuke mtu kwenda kazini, na watu hao walihitaji mkubwa wa kuwaongoza. Hakuna aliyehangaika kumtafuta. Gavana alikuwepo, na tayari tulikuwa tukimwita Gavana. Jemadari akapewa vijana. Jaji akabaki kitini pake. Walivaa makoti yale yale.

Siku za mwanzo zilikuwa tamu. Alikamatwa mpishi mmoja akielekea kwa bwana wake, akakiri kwamba alikuwa akienda kumpikia kiatu, akanunua kahawa, akaachwa. Lakini siku zilivyosogea sukari ikatoweka, unga ukafuata, na mimi mwenyewe nikawa nakaa mbele ya sufuria tupu kwa mazoea tu. Watu wakawa wakali. Alasiri moja Gavana alisimama juu ya kiti cha kinyozi akahutubia juu ya haki na uhuru. Alisema serikali ya kweli haiombi kahawa. Kuanzia siku hiyo msaliti atanyolewa nusu: nusu ya kichwa, nusu ya sharubu, nusu ya ndevu. Na atakayejinyoa nusu iliyobaki kabla mgomo haujaisha atarudishwa kitini, zamu hiyo ziende nyusi. Walimpigia makofi mengi. Jaji alikwenda kunoa wembe.

Mjomba hakuwepo. Alikuwa nyumbani na wanawake, anachambua mchele wa arusi aliouweka akiba punje kwa punje. Alfajiri iliyofuata alipanda mtumbwi wa jirani akavuka kwenda Mji wa Kale, kwa jamaa yake mmoja, kuazima joho la kuvaa siku ya nikaha. Hakuaga kwa walinzi. Walikuwa rafiki zake.

Aliporudi, jua likiwa juu, vijana walimshika maji yakiwa magotini, na furushi lake kichwani. Alikuja akicheka. Aliona kiti kile kile, koti jekundu lile lile, na umati uliojipanga kama siku ya ngoma. Kabla mtu hajamnong'oneza alikuwa amekwisha piga magoti.

"Labeka, mheshimiwa."

"Unashtakiwa," Jaji alisema, "kwamba umevuka kwenda kuwafanyia kazi Wazungu, na wenzako wamekaa na njaa."

Mjomba akawageukia watu, kama ilivyokuwa kawaida yake. "Ni kweli, mheshimiwa. Nimepakua meli tatu peke yangu. Ya nne nimeiacha, nahodha alining'ang'ania ninywe chai."

Watu walicheka. Walikuwa hawajacheka kwa siku nyingi, wakacheka kwa njaa yao yote. Kisha kicheko kikaanza kukatika, kwanza mbele karibu na kiti, mpaka kikafika nyuma kwa wanawake.

"Amekiri," Gavana alisema.

"Nimeridhika na hukumu," akasema mjomba, huku macho yake yanatafuta birika.

Walimkalisha. Jemadari alifungua furushi, akalikung'uta joho, akamfunga nalo shingoni kuzuia nywele. Hapo mjomba alielewa.

"Hilo ni joho la arusi ya mwanangu."

"Basi limepata kazi mapema," Jemadari alisema.

Ndipo alipoanza kukana, maneno yakimtoka kwa wingi, na kila neno lilikuwa la kweli. Alitaja jina la jamaa yake, nyumba, mtaa, mwenye mtumbwi. Hakuna aliyemsikiliza, kwa sababu alikwisha kiri mbele ya kadamnasi, na juu yake akasema ameridhika. Jaji, aliyemnyoa kwa miaka yote niliyoweza kukumbuka, alimshika kidevu kwa upole. "Tulia, sheikh. Wembe mkali huu, nisije nikakukata."

Lazima niseme ukweli: kazi ilikuwa safi. Mstari ulitoka katikati ya paji la uso hadi kisogoni, na mbele ukashuka katikati ya sharubu hadi chini ya kidevu, umenyooka kama umepimwa kwa uzi. Alipomaliza alimpaka poda upande ulionyolewa.

Kesho yake askari wa serikali ile nyingine walisikia, wakaja nyumbani kumhoji ni nani aliyemtenda vile. Mjomba aliwaambia amejinyoa mwenyewe, kioo kikavunjika katikati ya kazi. Askari walicheka wakaenda zao. Lakini mtaa mzima uliwaona wakiingia, na hakuna aliyesikia jibu lake. Kabla ya magharibi habari ilikwisha fika Mishomoroni: yule aliyekwenda kazini sasa anawapokea askari kwake.

Wazee wawili wakaja, mmoja wao ami yake bwana arusi. Walikaa barazani, wakauliza hali, wakaulizia hata afya ya kuku. Kisha yule ami akasema posa hawaivunji, binti hana kosa. "Lakini sisi tumegoma, sheikh. Hatuwezi kupewa mke na mdomo wenye sharubu nusu." Walitaka ndugu mdogo wa mjomba awe wakili, amwozeshe binti yeye. Mjomba aliomba arusi isogezwe hadi mgomo uishe. Wakamwambia mchele wake ukiliwa na fukusi hakuna atakayemletea mwingine, na hilo lilikuwa kweli. Akamwita bintiye. Akaitikia abee kutoka ndani, akaambiwa neno lote akiwa nyuma ya pazia.

"Kubali, baba," akasema.

Siku ya nikaha mjomba alikuwa uani, amejifunga kitambaa usoni, anageuza pilau. Mimi nilipepea moto. Sauti za mbele zilipotulia tulijua wakati umefika. Ndugu yake alianza kuyasema yale maneno, akakwama, shehe akamkumbusha, akakwama tena. Mjomba aliyasema yote mpaka mwisho bila kukosea, ameinamia sufuria.

Mgomo uliisha muda mfupi baadaye. Watu walirudi kazini wakiwa na ahadi, na Gavana alirudi akiwa nyapara, na koti la kaki lenye mikono yote miwili. Wazungu walisema wamemwona ana kipaji cha kuamrisha. Mjomba aliwekwa chini yake. Kinyozi mtaani alikuwa mmoja tu, kwa hiyo mjomba alikwenda kwake kumaliziwa. Jaji alimtoza nusu ya bei. Alisema nusu nyingine ilikwisha fanywa.

Msimu wa ngoma uliofuata waliitengeneza ile kesi kuwa mchezo. Walimwendea mjomba kwa heshima wakamwomba aje mwenyewe kushtakiwa, maana hakuna awezaye kumwigiza. Wakwe wa Mishomoroni walialikwa, na bintiye akaja nao, mimba yake imeanza kuonekana chini ya buibui. Mjomba alipiga magoti pale pale. Ndevu zilikuwa zimeota, ila upande mmoja ulirudi na mvi.

"Umepakua meli tatu peke yako. Unakiri?"

"La," mjomba alisema. "Sikwenda kazini. Nilikwenda kuazima joho, nimwozeshe mwanangu."

Sijaona watu wakicheka vile. Tangu beni iwepo hakuna aliyewahi kukana, na wao walidhani ameleta mzaha mpya. Yule ami wa Mishomoroni alijipigapiga mapajani. Gavana alilegeza mkanda wa koti lake la kaki. Mjomba alingoja watulie, kisha akarudia, pole pole, kama anayemwelekeza mgeni njia. "Sikwenda." Wakaanza upya.

"Amekana," Jaji alisema akifuta machozi. "Kahawa mara mbili."

Nilichukua sinia nikaanza kugawa. Nilipofika kwa bintiye, alipokea kikombe, akakiweka chini, akavuta buibui mbele ya uso. Mabega yake yalikuwa yakitikisika. Nilisimama karibu kabisa na sikuweza kujua ni kicheko au ni nini.

Lilibaki neno moja. Mjomba alitakiwa aseme ameridhika, na wapiga tarumbeta walikuwa wamekwisha ziweka midomoni, wanamngojea. Alibaki kwenye magoti yake, kimya. Wakangoja tena. Mwisho Gavana aliwapa ishara kwa mkono, zikapigwa bila yeye.