Pembe ya Maalim Sadala

“Mama Zamda, binti yako amenivunjia heshima mbele ya watoto arobaini! Chuoni kwangu hakanyagi tena. Na kuku wa chuo wa mwaka huu bado nakudai!”

Ndivyo alivyoniamkia Maalim Sadala mwaka sabini na nne, mimi nikitwanga, yeye kashika mwavuli, na Kwamsisi mvua tulikuwa tumeisahau. Salamu hakutoa, yeye aliyewachapa watoto kwa kutosalimia.

Sadala alitoka Manundu, Korogwe, alikokuwa akishona kanzu zenye mkono mmoja mrefu kuliko mwingine. Tulipokusanywa kwenye kijiji cha ujamaa, akaja na daftari aliloliita mtaala. Mwaka wa kwanza, Mungu ni mmoja. Mwaka wa pili, Mungu ni mmoja. Wa tatu vilevile, maana zaidi ya hilo na sura za kukaririsha hakujua.

“Mola wenu ana mshirika?”

“Hana!”

“Na mvaa hirizi?”

“Mshirikina!”

Mama yangu mzazi, kikongwe, Sadala alimvua hirizi mkononi watoto wakitazama, akaitupa jikoni kwangu ikaungua. Nikaendelea kupika. Alikuwa maalim.

Sasa, kila Alhamisi wanafunzi humlimia mwalimu wao. Alhamisi ile jembe la Zamda likagonga kitu mpakani mwa shamba la Sadala: pembe ya mbuzi, imezibwa kwa kitambaa cheusi. Fingo, dawa ya kufukia ya kuzindika mahindi yasiliwe na wanyama. Jumamosi mtoto akaiweka mbele yake katikati ya somo, akauliza, “Maalim, na huyu anayelinda shamba lako ni nani?”

Alikuwa na miaka kumi. Hakuwa na kejeli, alitaka kujua. Akafukuzwa, zimembakia sura tatu amalize juzuu, na chuo kingine hatukuwa nacho. Alilia siku mbili, uji hataki.

Siku ya tatu nikaifunga ile pembe, ambayo Zamda alirudi nayo, kwenye pindo la khanga, nikamshika mtoto mkono, tukaenda. Tukamkuta Sadala palepale kwenye somo lake: “Ana mshirika?” Nikafungua pindo.

“Mama Zamda, tuzungumze nje,” akasema upesi. “Yule kuku nimekusamehe.”

“Sikuja kwa ajili ya kuku. Mtoto amekuuliza. Mjibu.”

Akautazama mwavuli wake kana kwamba umeandikwa jibu. Halafu akasemea ndevuni: “Mlinzi ni Mwenyezi Mungu peke yake. Hiyo… niliichukua kwa mganga wa Kabuku. Nilihofia nguruwe.”

“Nguruwe si wamekula nusu ya shamba, Maalim?” akadakia Mhina, mtoto wa jirani. Chuo kizima kikacheka.

“Nilikosea,” akasema. “Zamda, kaa mahali pako.”

Akakaa. Pembe nikaitia jikoni kwangu, ilipoungulia hirizi ya mama.

Jioni nikampelekea kuku wake, mtetea mnene.

“Lakini nilikwisha kukusamehe, Mama Zamda.”

Nikamfunga kuku miguu kwenye mpini wa ule mwavuli, nikarudi kupika.