Tone la Rangi ya Kucha

Mimi ni mtu wa kushuku. Sioni aibu kulisema, maana miaka yote niliyokaa na steshenari yangu hapa Temeke, waliotaka kuniibia ni wengi na waliofanikiwa ni wachache. Fundi cherehani nampa kitambaa nikiwa nimeshakipima mwenyewe mara mbili. Nyama nikinunua, nasimama palepale inapokatwa. Kwa hiyo kompyuta yangu ilipoanza kujizima, sikujiuliza ina nini. Nilijiuliza ni nani.

Ilikuwa kompyuta ya mezani, ya mtumba, niliyoinunua kwa mtu wa Kurasini anayezitoa kwenye makontena. Naandika barua ya mtu ya kuomba kazi, nimefika aya ya tatu, skrini inageuka bluu, maandishi meupe ya Kiingereza yanatokea, kisha giza. Nikiiwasha inanipa dakika ishirini za amani, halafu inarudia. Kwanza nilimshuku jirani mwenye mashine ya kuchomelea mageti, kwamba ananinyonya umeme. Nikazishuku flashi za wanachuo. Kisha nikamkumbuka wifi yangu, aliyesimama mlangoni mwezi uliotangulia akasema hongera wifi, duka limejaa. Hakusema mashaallah. Nilimnunia wiki nzima, naye hana habari.

Mwishowe ikabidi niende kwa fundi. Kibanda chake cha mabati kilikuwa mtaa wa pili, naye alikuwa mwanaume wa makamo kutoka Iringa, mpole, asiyeongea sana. Mimi mtu asiyeongea humhesabu kuwa anaficha kitu. Na mtaani wanasema mafundi hubadilisha vifaa: unapeleka kizima, unarudishiwa kibovu. Basi kabla sijaipeleka niliifungua mwenyewe. Nikazichomoa ramu zote mbili, vile vipande vyembamba vya kijani vinavyoishikilia kazi yako kabla hujaihifadhi, nikachukua rangi ya kucha ya binti yangu, nyekundu, nikatia tone kwenye kila moja, karibu na meno yake. Nikazirudisha. Nilijiona mjanja kwelikweli.

Fundi aliomba nimwachie siku mbili. Niliporudi akanieleza kwa utaratibu, kama mwalimu. Alizijaribu ramu moja moja. Ya kwanza aliiacha ndani peke yake tangu asubuhi hadi adhuhuri, mashine ikatulia. Ya pili peke yake haikumaliza robo saa. Akaisugua meno kwa kifutio cha shule, akaisafisha, akaihamishia tundu jingine, mashine ikazima vilevile. Akaifunga kwenye kipande cha gazeti, akanikabidhi.

"Hii imekufa, mama. Tumia hiyo moja iliyobaki. Itakuwa nzito kidogo, lakini haitazima."

Nilipofika nyumbani nililifungua lile gazeti kabla hata sijavua mtandio. Ramu ilikuwa safi, haina hata doa. Nikaifungua kompyuta: iliyobaki ndani ilikuwa na tone langu jekundu. Nikapiga makofi peke yangu sebuleni. Nilikuwa nimeshajua. Kachukua nzima yangu, kanipa mfu wa mtu mwingine.

Sikumfuata. Mwenye ushahidi hana haja ya kugombana. Haikupita wiki akaja mwalimu mkuu wa shule ya jirani kutoa kopi. Shule ilikuwa imepata chumba cha kompyuta, na kamati ilitaka kumkabidhi fundi yule funguo na matunzo ya mashine zote. Kwa mtu anayeishi kwa kibanda cha mabati, ile ilikuwa kazi ya kumtoa barabarani. Mwalimu akaniuliza, kwa kuwa mimi ni mteja wa fundi huyo, kama ni mtu wa kuaminika. Nilizipanga kopi zake vizuri kwanza.

"Mwalimu, mie fundi huyo siwezi kumsemea. Vifaa vyenu muwe mnavihesabu."

Hakuuliza zaidi. Alishukuru, akaondoka, na mimi nikajisikia nimeiokoa shule.

Kilichonitesa ni kwamba kompyuta ilipona. Wiki ya kwanza haikuzima, ya tatu haikuzima. Mwizi gani huyu anayeniibia halafu ananipa ushauri sahihi? Nilitafuta namna ya kuendelea kumshuku, na nikaipata: huenda shida ilikuwa vumbi tu, akalifuta, akabaki na ramu yangu nzima. Nikaamua kuipeleka ile ya kwenye gazeti kwa fundi mwingine, kule Mwenge, anithibitishie. Kabla ya kutoka nikavaa miwani ya kusomea, nikaiweka pamoja na ile nzima nizilinganishe. Maandishi yalikuwa yaleyale, namba zimefuatana. Na katika lile pengo dogo katikati ya meno, mahali ambapo kitambaa hakifiki, palikuwa na uzi mwembamba mwekundu. Rangi ya binti yangu.

Sikwenda Mwenge. Nilikwenda kibandani, nikaiweka ramu juu ya meza yake, nikamuuliza aliisafisha na nini.

"Na thina, mama, ile ya kuyeyushia rangi. Mara tatu. Nilitaka ipone." Akauweka chini waya aliokuwa anauunga. "Rangi niliiona, kwenye zote mbili. Ile nzima niliiacha kama ilivyokuja. Hii nilijua rangi itatoka, nikasema mama akishangaa ataniuliza."

Sikuwa nimeuliza. Mimi ninayewaambia wateja kila siku kwamba kuuliza si ujinga. Nikamweleza nilichomwambia mwalimu mkuu, uso wangu ukiwaka moto. Alikuwa ameshasikia. Ameshasikia siku nyingi, na kila nilipopita alikuwa ananiamkia shikamoo, na mimi naitikia marahaba kwa nusu mdomo.

Siku hiyohiyo nilikwenda shuleni nikayameza maneno yangu mbele ya mwalimu mkuu na walimu wawili. Walinisikiliza kwa heshima. Funguo zilikuwa zimeshakabidhiwa kwa mtu mwingine.

Mwezi uliofuata nilinunua ramu nyingine, nikapeleka kompyuta kwa fundi wangu aipachike. Sikuweka alama yoyote, na nilitaka alijue hilo, kwa hiyo nikamwambia. Alitabasamu kidogo. Mezani palikuwa na daftari kubwa ambalo sikuwahi kuliona kwake. Aliifungua kompyuta mbele yangu, akaandika kila kifaa na namba yake, polepole, kwa mwandiko mzuri, kisha akanigeuzia daftari na kalamu. Nikamwambia kwangu mimi haina haja, namwamini.

"Ni kwa kila mteja sasa, mama," akasema. "Weka sahihi hapo."

Nikaweka.