Kura ya Mchua Misuli

Wachezaji walimwita Kiganja, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye mikono mipana isiyolingana na mwili, kana kwamba aliiazima kwa mtu mwingine akasahau kuirudisha. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mchua misuli wa klabu. Chumba chake kilikuwa chini ya jukwaa kuu, mlango wa pili baada ya vyoo: vitanda viwili vya ngozi ya plastiki iliyopasuka, jokofu la barafu lililokuwa likinguruma kutwa, na daftari kubwa la jalada gumu ambamo aliandika kila jeraha la kila mchezaji. Tarehe, jina, kiungo, sababu.

Makocha walikuja na kuondoka, yeye akabaki. Ukimuuliza amewezaje, alikujibu, "Mimi nashughulika na miguu. Vichwa vina wenyewe."

Msimu huo maji yalizidi unga. Timu ilipoteza mechi saba mfululizo, ikawa ya pili kutoka mkiani, na mechi kumi na moja tu zimesalia za kujiokoa isishuke daraja. Jumatatu kocha mkuu akafukuzwa. Jumanne mwenyekiti wa klabu, mama mmoja mfanyabiashara wa saruji asiyependa maneno mengi, akatangaza kamati ya watu watano ya kumchagua kocha mpya: yeye mwenyewe, katibu, mwanasheria wa klabu, nahodha wa timu, na mwakilishi wa wafanyakazi.

Wafanyakazi walikutana kwenye stoo ya jezi kwa dakika tano. Walimchagua Kiganja kwa sababu hakuwahi kugombana na mtu. Yeye mwenyewe alicheka. Kicheko kilimwisha alipopewa karatasi yenye majina ya waombaji wawili waliobaki kwenye mchujo.

Wa kwanza alikuwa kocha wa timu ndogo ya daraja la pili, ambaye asubuhi alifundisha hesabu shuleni, na kwa hiyo watu wote walimwita Mwalimu. Wa pili alikuwa Chuma.

Chuma hakuhitaji kuelezwa. Alikuwa nahodha wa zamani, beki aliyewahi kumaliza fainali na kichwa kimefungwa bandeji iliyolowa damu, na picha yake ya siku ile ilikuwa bado imebandikwa kwenye vibanda vya vinyozi mtaa mzima. Kwa Kiganja alikuwa zaidi ya hapo. Alikuwa kaka wa mkewe. Ndiye aliyemshika mkono miaka kumi na tisa iliyopita, akamfikisha mlango wa klabu na kusema, "Huyu ni shemeji yangu, mpeni kazi, mtanishukuru." Mama mkwe alipopooza, ni Chuma aliyemchukua akakaa naye, akimlisha kwa kijiko kwa mikono yake mwenyewe. Huwezi kumwita mtu wa namna hiyo mbaya.

Kiganja alikwenda kwa katibu, akamwambia, "Mimi na Chuma ni ndugu. Sifai kukaa humo."

Katibu hakuinua hata macho. "Mji huu nani si ndugu ya nani? Kaa, utasikiliza, utapiga kura, utakwenda nyumbani."

Nyumbani nako habari zilishafika. Alfajiri ya Alhamisi, siku ya usaili, mkewe alimpigia pasi shati jeupe, akalitundika kwenye kitasa cha mlango.

"Kaka amenipigia simu," alisema. "Hajaomba kitu. Amesema tu amefurahi kwamba wewe umo."

"Nimesikia."

"Baba watoto, mbona unajibu kama mtu anayekwenda kung'olewa jino?"

Kiganja alivaa shati, akafunga vifungo, kimoja akakikosea, akaanza upya. Kulikuwa na jambo ambalo mkewe hakulijua. Hakuna aliyelijua, ila watu watatu.

Miaka minne nyuma, kocha wa wakati huo aliugua, na Chuma akakabidhiwa timu kwa wiki tatu. Walifika nusu fainali. Wakati huo klabu ilikuwa na winga mmoja mwenye mbio hata wakamwita Upepo, kijana wa miaka ishirini na mitatu. Siku ya mechi goti lake la kulia lilikuwa limevimba. Kiganja alilishika, akalikunja, akasema hapana, huyu hachezi. Chuma alimtoa kijana nje, akafunga mlango, akasema, "Mchome ganzi, mfunge bandeji. Nusu saa tu, shemeji. Mimi nilicheza nikivuja damu." Kiganja alikataa mara moja, akakataa mara ya pili kwa sauti ndogo zaidi, mara ya tatu akachukua sindano. Dakika ya kumi na mbili goti likakatika. Upepo hakucheza tena. Jioni ile Kiganja alifungua daftari, akaandika: goti la kulia, ameumia mchezoni.

Chumba cha mikutano kilikuwa juu, kikitazama lango. Saa nne asubuhi mashabiki walishajaa nje, wakiimba jina la Chuma na kugonga mabati ya uzio kwa mpigo mmoja. Madirisha yalitetemeka.

Mwalimu aliingia kwanza. Koti lilimpwaya, na alizungumza kwa sauti ya chini mpaka mwanasheria akamwambia apaze. Mwenyekiti alimuuliza, "Utatubakiza ligi kuu?"

"Sijui, mama. Nimetazama mechi zenu zote saba. Wachezaji wenu wanachoka dakika ya sitini, na wanne wanacheza wakichechemea. Hao nitawapumzisha kwanza. Tunaweza kufungwa mechi mbili zaidi wakati wanapona."

"Mechi mbili zaidi," mwenyekiti alirudia, kama mtu aliyepewa maziwa yaliyochacha.

Kisha akaingia Chuma, na chumba kikawa kidogo. Aliwasalimia wote kwa mkono, akamfikia Kiganja akambana bega. "Nipeni mechi kumi na moja," alisema, "nami nitawapa alama ishirini." Nahodha wa timu alimuuliza atafanyaje na majeruhi. Chuma akatabasamu. "Majeruhi wengi wako kichwani. Mchezaji akiona kocha wake haogopi, maumivu yanahama."

Mwenyekiti alicheka. Mwanasheria alicheka. Kiganja alihisi vidole vyake vimepoa, kama vile ametoka kuvitia ndani ya jokofu lake.

Chuma alipotoka kwenda kusubiri ofisini kwa katibu, kura zikapigwa kwa kutamka. Katibu akasema Mwalimu. Nahodha akasema Mwalimu. Mwanasheria akasema Chuma. Mwenyekiti akasema Chuma, kisha akamgeukia Kiganja kwa upole ambao hakuuzoea kutoka kwake.

"Wewe ni shemeji yake. Ukijitoa hakuna atakayekulaumu. Kura zikifungana, yangu inahesabiwa mara mbili."

Mlango ndio huo, umefunguliwa. Angenyamaza tu, Chuma angepata kazi, mkewe angefurahi, na yeye asingekuwa ametamka neno. Nje mabati yaligongwa. Kiganja alisimama.

"Naomba dakika tano," alisema. "Kuna kitu nakifuata chini."

Alishuka ngazi akishika ukuta. Chumbani kwake alikaa kwenye kitanda kilichopasuka, daftari mapajani, na kwa muda alifikiri asirudi. Angeweza kupitia mlango wa nyuma. Wangesema amezidiwa, ni kweli angekuwa amezidiwa. Kwenye kitanda cha pili beki wa kushoto alikuwa amelala kifudifudi, barafu kisiginoni, amepitiwa na usingizi. Kiganja alimtazama kisigino kilivyovimba. Alibadilisha mfuko wa barafu, akapanda juu.

Alifungua daftari mezani, akaweka kidole kwenye mstari wa miaka minne nyuma, akawasomea. "Haya ni uongo," alisema. "Nimeyaandika mimi." Kisha akawaeleza yote: uvimbe, mlango uliofungwa, sindano, dakika ya kumi na mbili. 

Mwanasheria alivua miwani. "Unajua jambo hili linakufunga wewe kabla ya kumgusa yeye? Mkono ulioshika sindano ni wako."

"Najua."

"Kwa nini ulinyamaza miaka minne?" mwenyekiti aliuliza.

"Kwa sababu ndiye aliyenileta kazini. Na kwa sababu niliogopa." Kiganja aliondoa kidole kwenye mstari. "Hiyo ya pili ndiyo kubwa."

Mwenyekiti alisema mtu hahukumiwi akiwa hayupo, akaagiza Chuma aitwe. Chuma aliingia akitabasamu, akaliona daftari, tabasamu likafa. Mwanasheria alimsomea, akamuuliza kama ni kweli.

Chuma hakumtazama mwanasheria. Alimtazama shemeji yake. Angeweza kukana, lilikuwa neno lake dhidi ya neno la mchua misuli. "Yule kijana mwenyewe alitaka kucheza," alisema mwishowe. "Wote tulitaka." Akachukua mezani bahasha yake ya maombi ya kazi. Mlangoni aligeuka. "Mama kule nyumbani akiuliza kwa nini sikupata, shemeji, utakwenda kumwambia wewe."

Mwanasheria alibadilisha kura yake. Kiganja alimchagua Mwalimu. Wakawa wanne kwa mmoja, kwani mwenyekiti hakubadilika; alisema tu ameapa kuiokoa klabu mwaka huu, na haoni kama dhamiri safi inafunga magoli. Kisha akaamuru Kiganja asimamishwe kazi miezi miwili na apewe barua ya onyo la mwisho. Kiganja aliona ameadhibiwa kwa nafuu kuliko alivyostahili.

Hakwenda nyumbani moja kwa moja. Upepo alikuwa na kibanda cha kutengeneza simu karibu na stendi, na mguu wake wa kulia aliunyoosha juu ya kreti ya soda kwa sababu haukukunjika vizuri. Kiganja alisimama mbele yake, akasema alichokuja kusema. Upepo hakuweka bisibisi chini.

"Nilijua," alisema. "Ulipokuwa unakataa, mimi nilikuwa nje ya mlango, nasikiliza. Nilikuwa naomba Mungu ushindwe."

"Hata hivyo mimi ndiye mtu mzima. Mimi ndiye niliyejua goti."

"Ndiyo. Wewe ulijua." Upepo alipuliza vumbi kwenye simu. "Sikuwa na hasira na sindano. Miaka minne tunakaa mji mmoja, hukuja hata siku moja kuniuliza naendeleaje. Hiyo ndiyo iliyoniuma."

Kiganja alichuchumaa. Aliuliza kama anaweza kulishika goti, na Upepo, baada ya kusita, akasogeza kreti.

Nyumbani mkewe alishapigiwa simu. Hakugombana. Alimwekea chakula, akaketi upande wa pili wa meza, na kwa wiki tatu maneno kati yao yalikuwa chumvi, sabuni, na nani kafunga geti. Siku moja akiwa anakunja nguo alisema bila kumtazama, "Unadhani nimekasirika kwa sababu ya kaka. Kaka namjua tangu anatambaa, ni mbishi. Nimelala na wewe kitanda kimoja miaka minne, na miaka yote hiyo kitandani alikuwamo mtu wa tatu. Mficha maradhi kilio humfichua. Ungeniambia mimi kwanza." Akamrushia shuka ashike ncha ya pili. Wakalikunja pamoja.

Mwalimu alifanya alivyosema: akawapumzisha waliochechemea, akafungwa mechi mbili. Mashabiki walimrushia chupa za maji. Mechi ya tatu wakatoka sare, ya nne wakashinda, na timu ikaanza kukimbia mpaka dakika ya tisini. Kiganja aliporudi kazini zilikuwa zimebaki mechi mbili. Walishinda moja, wakatoka sare nyingine, wakashuka daraja kwa upungufu wa alama moja.

Wapo waliosema, na bado wanasema, kwamba Chuma angewabakiza. Walimwambia Kiganja usoni, sokoni na kwenye foleni ya benki. Hakubishana nao, kwa sababu hakujua kama wamekosea. Wachezaji wenyewe waliandika barua wakiomba Mwalimu abaki, na mwenyekiti, baada ya kuzunguka na ile barua siku nne, akamwongezea mwaka.

Jumapili moja asubuhi, miezi mitano baada ya ile kura, Chuma alibisha hodi nyumbani. Dada yake alimkaribisha, akamwekea chai, akaenda nyuma makusudi. Wanaume wawili wakabaki mezani. Chuma alisema mama anaendelea vizuri, ameanza kushika kijiko mwenyewe. Kiganja akasema tumshukuru Mungu. Chai ikapoa.

"Lile goti," Chuma alisema, akitazama mikono yake. "Siku ile tungemwacha asicheze. Lingepona?"

Kiganja angeweza kumpunguzia. Maneno ya kumpunguzia yalikuwa mengi, na yote alishajiambia mwenyewe kwa miaka minne.

"Lingepona," alisema. "Wiki sita."

Chuma aliitikia kwa kichwa, taratibu. Kisha akauliza kibanda cha yule kijana kiko upande gani wa stendi.