Seva Iliposema Kila Kitu Kiko Sawa

Saa moja asubuhi, kabla simu hazijaanza kulia, Bwana Taratibu anavua viatu, anavisukuma chini ya meza na kuwasha kompyuta. Mistari inaanza kushuka kwenye kioo: ombi gani limeingia, gari lipi limetafutwa, wapi pamekwama. Anaisoma huku midomo ikimchezacheza.

"Mistari hii ingekuwapo mwaka jana," anasema bila kugeuka, "dada yangu angekuwa ameketi pale."

Anaonyesha kwa kidevu kiti cha pembeni, ambacho sasa kimebebeshwa mashine ya kuchapishia.

Si dada wa tumbo moja. Alikuwa mpokea simu wa kampuni hii inayowapeleka wagonjwa wa figo kusafishwa damu, mcheshi kweli kweli, na ndiye aliyembatiza fundi huyu wa programu jina la Taratibu kwa jinsi anavyokawia kujibu akiulizwa neno.

Maombi yote ya magari hupitia seva moja ya GraphQL. Ni kama ofisi yenye dirisha moja: lolote utakalo, unaulizia hapo hapo. Balaa ni kwamba dirisha hilo likishindwa kukuhudumia, bado hujibu kwamba limekupokea vizuri, na kosa hulificha ndani ya jibu. Rekodi za zamani zilinakili ile salamu ya juu tu, kwamba ombi limepokelewa. Kioo cha mpokea simu nacho kiliishia hapo.

Wagonjwa wakaanza kuachwa. Seremala mmoja mstaafu alikaa mlangoni amevaa tayari mpaka adhuhuri. Jioni akalazwa, hali mbaya, na wanawe wakaja ofisini wakifoka.

"Niliomba gari, haki ya Mungu niliomba!" mpokea simu alilia.

Meneja akamgeukia fundi. Safari hii Taratibu hakukawia. Alifungua rekodi, akaona kila ombi limepokelewa vizuri, akasema, "Seva iko sawa."

Mpokea simu akaachishwa kazi.

"Alinitazama tu," anasema Taratibu. "Afadhali angenitukana."

Baadaye mgonjwa mwingine akaachwa, na safari hii hapakuwa na wa kubebeshwa lawama. Ndipo Taratibu akaomba ruhusa ya kuandika upya sehemu ya kurekodi maombi. Sasa seva hueleza ni kipande gani cha ombi kilichoshindwa na kwa nini. Kila idara huchagua inachotaka kirekodiwe: madereva walitaka gari na muda, wauguzi walikataa katakata majina ya wagonjwa yaonekane, naye akaweka namna ya kuyaficha.

Haukupita muda, kosa likajitokeza. Watu wawili wakiomba gari moja kwa wakati mmoja, ombi moja lilitupwa kimya kimya.

Alikwenda kwa dada yake huyo, akamkuta anashona sare za shule. Akamweleza yote. Cherehani ikasimama.

"Mdogo wangu, hicho kioo chako kinaweza kunionyesha siku ile?"

"Hapana, dada. Kinarekodi tangu kilipowekwa tu."

"Basi mimi bado ni mwongo."

Ofisi imeshamwita mpokea simu arudi, naye amekataa. "Nirudi nikakae na nani?" anamuuliza mwandishi wa habari hii aliyemtembelea, uzi ukiwa mdomoni. "Kinachoninyima usingizi si ofisi. Ni yule mzee seremala. Aliniambia kwenye simu, 'Mwanangu, umenidanganya,' kwa upole kabisa. Nataka ajue."

Wamekubaliana kwenda pamoja Jumamosi. Seremala amepona, ila tangu siku ile hupelekwa na mwanawe na hataki hata kuisikia kampuni hiyo ikitajwa.

"Nitamwambia nilisema kabla sijatazama vizuri," anasema Taratibu, akivuta viatu vyake kwa kidole cha mguu. "Akitufukuza, tutarudi Jumamosi nyingine."