Nilimpeleka baba kuendesha baiskeli kando ya Nile, kumbe alikuwa na nyumba anayoitafuta

Wakuu, nawasalimu kutoka Kyebando, Kampala.

Mimi humu ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Leo naandika kwa sababu kuna jambo limenikaa kooni tangu nirudi kutoka safari fulani, na mke wangu amesema nilitoe mahali kabla halijaniua. Majina nimeyabadili, kijiji sitakitaja, mtaelewa kwa nini. Mengine yote ni kama yalivyotokea, sina nguvu ya kuyapamba.

Nianze na mzee wangu.

Baba ni mtu wa Lira. Alikuwa askari wa jeshi lile lililoshindwa mwaka 1986. Baadaye alikuja Kampala, akalinda maduka kule Mengo mpaka magoti yakakataa. Sasa yeye na mama wanaishi kwangu. Kwetu nyumbani tunaongea Kiswahili, kile cha kambini, ndicho alichotulea nacho.

Kuna hadithi ambayo kwetu husimuliwa kila Krismasi. Kwamba jeshi liliposambaratika, kila askari akishika njia yake, baba alitoka upande wa Jinja kwa baiskeli, akapita kijiji kwa kijiji, akavuka ziwa Kyoga kwa mtumbwi, akafika kwao na kumkuta mama ana mimba ya siku yoyote. Majirani wote walikuwa wamekimbia. Siku chache baadaye nikazaliwa mimi.

Asingefika, mama angejifungua peke yake kwenye nyasi. Hivyo ndivyo tulivyoambiwa. Nimekua najivunia hadithi hiyo. Shuleni niliisimulia, kwa wakwe niliisimulia.

Wakuu, hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuliza ile baiskeli ilitoka wapi.

Sasa twende kwenye safari.

Nina rafiki Mkongo anaitwa Bahati, ana duka la baiskeli Kansanga. Huwa anapanga safari za weekend kwa watu wa ofisini wenye vitambi kama mimi. Safari hii alitangaza route ya taratibu: kuanzia Jinja kufuata Nile kwenda kaskazini, stage nne, siku nne, unalala njiani kwenye nyumba za wageni za kanisa. Hakuna milima. Sehemu kubwa ni njia za vijijini na tuta la reli ya zamani.

Nilipomwambia mzee nitakuwa sipo siku hizo, akauliza mnapita wapi. Nikamtajia. Akasema, "Mimi pia nakuja."

Nikacheka. Mtu mwenye miaka sabini na kitu!

Nikampigia Bahati nikitegemea akatae. Yeye akasema, "Mulete mzee. Hii njia hata bibi yangu wa Bukavu angeiweza. Tutaenda polepole tu."

Mzee alikuwa na masharti mawili. Hataki baiskeli ya kukodi, anataka mpya. Na lazima iwe na keria nyuma. Nikamnunulia. Nilifikiri ni mambo ya wazee.

Siku ya kwanza ilikuwa raha, nisiwadanganye. Njia nyekundu, mashamba ya miwa, mto unauona halafu unajificha, halafu unauona tena uko mpana na umetulia. Watu wanatupungia mikono. Mzee alikanyaga pedali bila papara na jioni alikuwa mzima kuliko sisi. Bahati akawa anamwita kapteni. Mzee hakucheka.

Siku ya pili mchana tulipumzika mtoni. Wenzetu wakaenda kununua samaki. Mimi na mzee tukabaki tunaosha miguu.

"Kesho kuna mahali mimi nataka kusimama," akasema.

"Wapi, mzee?"

"Kuna nyumba. Ile baiskeli ya zamani, nilichukua kwa watu wa hiyo nyumba."

"Ulinunua kwao?"

Akanitazama kama mtu anayemwonea mtoto huruma.

"Nilikuwa na bunduki," akasema.

Akaendelea mwenyewe, anaongea na maji. Kwamba wanaume walikuwa wanakimbia na wake zao kila upande, yeye anamfikiria mama tu. Akamkuta mwanaume mmoja ana baiskeli, yuko na mke wake. Akaichukua akaenda. Na huyu mtu hajamtoka kichwani. Anataka kumwachia hii mpya, kisha afe vizuri.

Wakuu, niseme ukweli wa moyo wangu. Kwanza niliumia, ile hadithi ya Krismasi ilianguka palepale majini. Lakini baada ya muda nikaona mzee wangu ni mwanaume. Ni askari wangapi wa vita zile, za upande wowote, waliowahi kurudi kugonga mlango? Nililala nikiwaza namna huyo mtu atakavyolia kwa furaha, namna watakavyokumbatiana. Nilishapanga hata kupiga picha.

Ujinga wangu huo.

Siku ya tatu asubuhi tukafika kitongoji ambacho tuta la reli linakata barabara karibu na kanisa dogo la matofali. Mzee akashuka. "Ni hapa." Bahati na kundi wakakaa kwa mama mmoja anayekaanga chapati. Nikamuuliza mama huyo kwa Kiganda, kwa adabu zote, kama anamfahamu mtu aliyenyang'anywa baiskeli na askari wakati wa vita, akiwa na mke wake.

Hakufikiri hata kidogo. "Kwa Waiswa," akasema, akaonyesha kwa mwiko.

Miaka yote hiyo, wakuu. Na kijiji kizima bado kinajua ni nani.

Tulimkuta Mzee Waiswa uani, amekaa anachagua kahawa iliyoanikwa kwenye mkeka. Mwembamba, macho yana ukungu. Binti yake Nabirye, mama mtu mzima wa makamo, akapiga magoti kutusalimia, akatuletea viti. Watu wema. Hawakuuliza sisi ni nani, walituona tu ni wageni.

Mzee wangu akasahau kwamba mimi ndiye wa kuzungumza. Akasema kwa Kiswahili, "Jambo, mzee. Habari ya hapa?"

Mkono wa Waiswa ukasimama juu ya kahawa.

Akasema kitu kwa Kisoga, lugha ya huko, bila kuinua kichwa. Nabirye akanigeukia, akaniambia kwa Kiganda, "Mzee anasema hapa kwake lugha hiyo haiongelewi."

Ndugu zangu wa Tanzania na Kenya, mnisamehe, najua mnakipenda. Kwenu Kiswahili ni lugha ya shule, ya sokoni, ya mapenzi. Kwetu Uganda kuna wazee wakikisikia wanasikia mlango unavunjwa. "Lete pesa." "Lala chini." Ndivyo walivyofundishwa, na waliowafundisha ni watu kama baba yangu.

Basi ikabidi mimi nitafsiri. Baba alisema kwa Kiswahili kwa sauti ndogo sikioni kwangu, mimi nikasema kwa Kiganda, Nabirye akamalizia kwa Kisoga. Kwamba yeye ndiye askari yule. Kwamba alikuwa anamkimbilia mke wake. Kwamba amerudi kuomba msamaha, na baiskeli ameileta.

Mzee Waiswa akauliza swali moja.

"Mwulize, siku ile alimwona mke wangu?"

"Nilimwona," baba akasema.

"Aliliona tumbo lake?"

Hili swali nililitafsiri. Nilimwomba Mungu, kweli nilimwomba, aseme hapana. Aseme kulikuwa na vumbi, kulikuwa na fujo, hakuona.

"Niliona," baba akasema. "Alikuwa amekaa kwa keria. Nilimwambia, shuka."

Nikashindwa kutafsiri. Lakini haikuhitaji tafsiri.

Nabirye ndiye aliyetueleza, amesimama, mikono ameifunga kifuani. Alikuwa mtoto wakati huo lakini anakumbuka. Mama yake alikuwa ameshikwa na uchungu tangu alfajiri na hospitali ilikuwa mbali. Baiskeli ilipochukuliwa walitembea. Akajifungua njiani, kando ya shamba la miwa. Mtoto wa kiume. Kitovu kilikatwa kwa ganda la muwa. Mtoto alinyonya vizuri siku za kwanza, halafu akaanza kukakamaa, taya likafunga, pepopunda ile, akafa.

Hapo mlango wa nyumba ukafunguka, akatoka bibi mmoja mfupi, ameshikilia ukuta. Alikuwa amesikia yote. Akamtazama baba kwa muda, akazungumza na binti yake.

"Mama anasema," Nabirye akaniambia, "maisha yake yote amejifunza neno moja tu la Kiswahili. Ni hilo alilolisema mzee wako, shuka."

Mzee wangu akapiga magoti. Sijawahi kumwona baba amepiga magoti mbele ya mtu. Akawa anaisukuma ile baiskeli mbele, kama mtoto anayetoa zawadi.

Mzee Waiswa akasema, "Nilishanunua nyingine. Nikaiendesha mpaka nikazeeka. Sasa macho haya hayaoni njia. Unaniletea ya nini? Urudi nyumbani ukalale vizuri?"

Baba akaomba kitu kimoja tu, aonyeshwe kaburi la mtoto, aweke hata jiwe.

Bibi hakusubiri itafsiriwe vizuri. Alitikisa kichwa.

"Huyo ni wangu," akasema. "Huyo hutamchukua."

Tukaondoka.

Nabirye alitufuata mpaka barabarani. Nikafikiri amekuja kutuliza mambo. Akaniomba namba ya simu, nikampa, naye akanipa yake. Akasema kwa upole kabisa, "Mzee wako akifa, nipigie. Wazazi wangu watapenda kujua."

Kutoka hapo mzee alikataa kupanda baiskeli. Aliisukuma kwa mkono, jua lote lile, mimi nasukuma yangu pembeni yake. Bahati alituona akaelewa kwamba si wakati wa maswali. Hakuna aliyemwita kapteni tena. Akatutafutia pikapu ya mtu wa mananasi ikaturudisha Jinja, kundi likamaliza stage ya mwisho bila sisi. Walitutumia picha za machweo kwenye mto. Mazuri sana.

Mnafikiri imeisha? Mimi pia nilifikiri.

Baada ya kurudi, baba akawa mtu wa kukaa kitandani na kuangalia ukuta. Mama akaniuliza mmemfanya nini mzee. Nikaona nimwambie. Alikuwa jikoni anachambua maharage. Nikamsimulia yote, mpaka ganda la muwa.

Mikono yake ikaacha maharage.

"Mbele kwenye usukani kulikuwa na mzigo," akasema. "Umefungwa kwa mpira."

"Mzigo gani, mama?"

"Baba yako hakuufungua. Alikuwa amechoka, alianguka akalala. Mimi ndiye nilifungua. Ndani kulikuwa na kaveera safi, ile plastiki ya kutandika, pamba, wembe mpya kwenye karatasi yake, na nguo za mtoto. Sweta ndogo ya njano. Mtu alikuwa ameifuma kwa mkono."

Nje watoto wangu walikuwa wanapigania mpira.

"Nilijua ni vitu vya mwanamke anayekwenda kuzaa," akasema. "Nilijua siku hiyohiyo. Lakini mimi nilikuwa sina hata kitambaa. Na wewe ulikuwa unakuja."

"Hukuwahi kumwambia baba?"

"Ningemwambia ili iweje? Hata huyo mwanamke nilimwombea miaka mingi. Nilikuwa namwomba Mungu ampe wembe mwingine."

Akarudi kwenye maharage yake.

Basi ndivyo ilivyo, wakuu. Mimi nina afya, nina watoto, sijawahi hata kulazwa. Kitovu changu kilikatwa kwa wembe ulionunuliwa kwa ajili ya mtoto mwingine, na sweta yake nilivaa mimi.

Nimejifunza nini? Kwamba toba nayo inaweza kuwa unyang'anyi. Sisi tulikwenda pale kutafuta amani yetu, tukawafungulia wale wazee kidonda, tukarudi na baiskeli yetu. Na kwamba mtu uliyemkosea hana deni la kukusamehe, hata ukimfuata kwa unyenyekevu wa namna gani, hata ukipiga magoti. Kama una mtu wa kumwomba radhi, mtafute mapema. Na kabla hujagonga mlango wake jiulize ni nani atakayelala vizuri baada ya wewe kuondoka.

Lakini kuna jambo nimeshindwa kuliamua, ndiyo maana nimekuja kwenu. Baba hajui habari ya ule mzigo. Nabirye na wazazi wake hawajui ulifika wapi. Huenda ni yule bibi aliyeifuma ile sweta, na mpaka leo anadhani ilitupwa kwenye mtaro.

Namba ya Nabirye ninayo. Mara nyingine naifungua, naitazama, naifunga. Nikinyamaza, naona ninaendelea kuiba. Nikisema, naona nakwenda tena kumwamuru yule bibi ashuke.

Ninyi mngepiga? Semeni bila kunionea haya, hata wa matusi nitawasoma.