Tundu Nililoliziba

Nilimpiga mama mkubwa kabla sijamwambia neno. Nimejaribu kuliandika hili kwa kuanza na mvua, au na gesi, na kila mara nagundua kwamba najitetea.

Ni dada mkubwa wa mama yangu. Alitukimbilia hapa Bunia kutoka Djugu, akiwa na nguo moja na kovu begani, baada ya kijiji chao kuchomwa na watu wa mapanga. Maisha yake yote alipikia kuni na makaa. Gesi niliileta mimi. Nilijifunza peke yangu, kwenye simu: kupaka maji ya sabuni kwenye mpira wa gesi na kutazama kama yanatoa mapovu, kufunga chupa ya gesi kila baada ya kupika, kuacha tundu chini ya ukuta kwa sababu gesi hii ni nzito, hutambaa sakafuni. Niliandika masharti kumi na moja, nikayabandika ukutani.

"Moto ya kwenu iko na masharti kuliko bibi-arusi," mama mkubwa alinicheka.

"Ni ya kukulinda, mama mukubwa."

"Kunilinda? Ungeandikia wale ya mapanga."

Kisha mvua zikaingia na baridi yake. Maji yaliruka ndani kupitia tundu, nikaona kutu kwenye kitako cha chupa. Kutu siivumilii. Nikaliziba tundu kwa magunia, nikaziba na chini ya mlango, vizuri kabisa, nikafurahia kazi yangu. Sharti la nne, tundu lisizibwe, lilikuwa juu ya kichwa changu, kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Alasiri moja mvua ya mawe ilishuka kama watu wanaovunja bati kwa shoka. Umeme ukakatika, nyumba ikawa giza. Mama mkubwa alikuwa amechemsha chai, na jiko alilizima kama alivyozima koroboi miaka yote: alilipuliza. Moto ulikufa, gesi ikaendelea kutoka. Alikuwa na mafua, hakusikia harufu.

Mimi nilipofungua mlango wa jikoni ilinikaba koo. Yeye alikuwa mezani, mshumaa mbele yake, kijiti cha kiberiti mkononi.

Nilimpiga mkono kwa ngumi. Kiberiti kikaruka. Nikamsukuma, mdomo wake ukagonga ukingo wa meza. Nikamburuta kwa kitenge chake hadi uani, nikamtupa matopeni, nikarudi kufunga chupa na kung'oa magunia. Nilipotoka, mawe yalikuwa yakimpiga mgongoni. Alikuwa amejikunja, damu kidevuni, mikono juu ya kichwa.

"Usiniuwe, baba! Kamata mbuzi yote!"

"Mama mukubwa, ni miye! Ni gaz!"

"Iko kule nyuma, baba. Kamata yote!"

Sisi hatuna mbuzi. Nilisimama kwenye mvua ile, ngumi yangu imekunjwa tena.

Mdomo ulipona. Masharti niliyachana. Tundu liko wazi, na chupa nimeiinua juu ya matofali ili maji yapite chini. Kwa majuma mengi alipikia makaa nje, chini ya bati, akitetemeka. Juzi baridi ilimshinda. Alisimama mlangoni mwa jikoni.

"Nionyeshe vile banafunga gaz."

Nikanyoosha mkono kuelekea jiko. Akaukinga uso wake.

Nikaiweka mikono yangu nyuma ya mgongo, nikaishikilia huko, nikamweleza kwa mdomo tu.